Mtu wa Safu ya Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Pindo, kwa sababu mwanamke huyu fundi cherehani hakuwa tayari kumwachia mteja nguo yenye pindo lililokwenda upogo, hata kama mteja mwenyewe ameshachoka kusubiri na anasema liwalo na liwe. Ndivyo alivyokuwa katika kila jambo. Akishika lake, kumbandua ni kazi. Kwa hiyo ukumbi wa zamani wa bendi ya matarumbeta ulipokarabatiwa, na kamati ikatafuta mtu wa kukusanya historia ya bendi ili isomwe siku ya ufunguzi kisha itundikwe ukutani, hakuna aliyeshangaa kazi ilipomwangukia yeye. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu ambaye baba yake ndiye aliyeiongoza bendi hiyo, alimwomba kwa upole. Pindo alimjibu kwamba muda hana, ila mdomo wa kuulizia anao.

Tusifichane, alikuwa na lake jambo. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa bendi hiyo. Nyumbani ilijulikana kwamba alipuliza besi, lile tarumbeta kubwa linalouzunguka mwili na kulalia begani. Pindo alimwona mara nyingi barabarani alipokuwa mdogo, safu ya nyuma, mashavu yametuna, viatu vinang'aa kuliko vya wenzake wote. Alimpenda baba yake kuliko alivyowahi kumwambia, na sasa alitaka jina lake likae ukutani, wapita njia walisome.

Sasa, bendi ile ilikuwa na ujanja wake. Wenye sherehe walitaka kuona safu zimejaa, lakini vyombo vizima havikutosha. Vingine vilipasuka, vingine vibonyezo viliganda kwa kutu. Basi walitafutwa wanaume wenye mwendo mzuri, wakavishwa sare na kukabidhiwa vyombo vibovu, na kazi yao ikawa kutunisha mashavu na kwenda sambamba na wenzao. Hao waliitwa wajaza safu. Walikula walichokula wenzao, lakini utani haukuwabanduka, na hata leo mtaani, mtu anayekaa ofisini bila kazi huambiwa anajaza safu.

Jioni Pindo alifunika cherehani yake, akasahau kuvua utepe wa kupimia shingoni, akaenda nyumba kwa nyumba. Wapulizaji wengi walikuwa wameshatangulia, lakini wajane wao walikuwepo, na watoto wao, na picha zilizofifia. Alipokelewa vizuri kila mahali. Alipouliza kuhusu baba yake, nyuso zilichangamka. Walimsifia mwendo, walimsifia mgongo ulionyooka, walimsifia viatu. Alipouliza alipulizaje, kila mtu ghafla alikumbuka kwamba chai inapoa.

Mwisho Mwenyekiti ndiye aliyemwambia, na alitafuta maneno laini mpaka akachoka. Baba yake Mwenyekiti, yule kiongozi wa bendi, siku zote alimtaja baba yake Pindo pamoja na wajaza safu. Haikuwa aibu, alisema, kila mmoja alikuwa na nafasi yake. Pindo aliitikia, akashukuru, akarudi kazini kwake akashona mkono wa koti ndani nje, kosa ambalo hakulifanya tangu akiwa mwanagenzi. Alilifumua huku akilia, na mteja aliyekuja kuchukua suruali yake aliona afadhali arudi kesho.

Alibaki mtu mmoja tu wa kuulizwa, mpiga ngoma kubwa, ambaye wote walimwita Kishindo. Aliishi katika chumba nyuma ya gereji. Ngoma ilikuwa imemla masikio, na kuzungumza naye jambo la siri ni sawa na kulitangaza sokoni. Pindo alijitahidi kunong'ona, mzee akatega kiganja sikioni, Pindo akapandisha sauti, na mwishowe ikabidi aulize kwa kelele kama baba yake alikuwa mjaza safu. Nyundo za gereji zikanyamaza zote.

Kishindo hakucheka. Alimwambia asogeze kigoda.

"Baba yako alipuliza besi mpaka mimi nikawa naona haya kupiga ngoma," alisema. "Bila yeye tulikuwa makopo matupu. Halafu siku moja akaacha. Alikuja na sare yake, akasimama mahali pake, akatunisha mashavu, asitoe sauti. Tukamwacha. Akatuomba kitu kimoja, mtu akiuliza tuseme yeye ni mjaza safu. Tukamkubalia, na wenzangu wote wamezikwa na siri hiyo."

Pindo alimuuliza kwa nini aliacha. Mzee alitazama mlango.

"Siri ya mtungi aijuaye ni kata, binti yangu. Kamuulize mama yako."

Pindo alirudi nyumbani karibu acheze njiani. Baba yake alipuliza! Mengine yangejulikana, hilo lilimtosha. Alimkuta mama yake sebuleni anachambua mchele kwenye ungo, akamwaga habari yote bila hata kuvua viatu. Kesho angemwendea Mwenyekiti, Kishindo angethibitisha, na jina lingeandikwa panapostahili. Mama yake aliendelea kuchambua. Kisha akauliza kama Kishindo alisema na sababu. Pindo akasema hapana, kaniambia nikuulize wewe.

Mama aliuweka ungo chini.

"Kabla yako tulikuwa na mtoto wa kiume," alisema.

Pindo hakuwahi kusikia. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na ndiyo kwanza anaambiwa alikuwa na kaka. Alikaa chini palepale.

Mama alisimulia polepole. Ilikuwa siku ya kufunguliwa soko. Bendi ilijaza barabara yote, na watu pande zote wakicheza. Mtoto alishikwa na degedege ghafla. Alimfunga mgongoni akakimbia, lakini hospitali ilikuwa ng'ambo ya pili ya barabara na hakuna aliyempisha. Kila aliyemwambia apishe alidhani anataka kuona vizuri. Akamwona mumewe safu ya nyuma. Alimwita, sauti ikamezwa na matarumbeta. Akavua mtandio akaupunga ili amwone, asimamishe bendi. Lakini siku ile kila mwanamke barabarani alikuwa anapunga mtandio.

"Aliniona," mama alisema. "Uso wake ulifurahi, siwezi kukueleza. Alidhani nimemleta mtoto amtazame baba yake. Akageuza besi kutuelekea, akatupulizia sisi. Watu wakanipigia makofi."

Bendi ilipomaliza kupita, mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Pindo alimshika mama yake mkono. Alilia, na mama yake ndiye aliyembembeleza.

"Usiku ule aliniuliza, ulipokuwa unanipungia, mtoto alikuwa hai? Nikamwambia hapana, alikuwa ameshakata roho, hata ungesimama isingesaidia kitu. Aliniuliza tena mara nyingi. Aliniuliza hata siku anakufa. Nikamjibu vilevile." Mama alifuta uso kwa kiganja. "Alikuwa hai, mwanangu. Nilikuwa namsikia anahema mgongoni."

Nje mtu alikuwa anamgombeza mbuzi, na mbuzi hakuonekana kujali.

Pindo alisema hayo hayataandikwa kamwe. Ataandika tu kwamba baba alipuliza besi, kisha akaacha. Mama akamuuliza watu wakitaka kujua kwa nini aliacha, maana watataka, atawajibu nini. Pindo akasema atawaambia kifua kilimsumbua.

"Hapana," alisema mama. "Nyumba hii uongo wangu mmoja unaitosha. Baba yako hakutaka kuulizwa, ndiyo maana akajiweka kwa wajaza safu. Alikwenda na safu miaka yote ile kwa sababu nyumbani alikuwa hakai, akikaa ananiuliza. Mwache alipojiweka."

Pindo alibisha. Alibisha sana, maana ndiyo tabia yake, na maana ilimuuma kuona mpulizaji bora kuliko wote anaandikwa pamoja na waliobeba vyombo vibovu. Mama yake alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akauchukua ungo wake tena. Mwenye kovu usidhani kapoa, na Pindo alikuwa ameshalishika kovu lenyewe. Hakuwa na moyo wa kuendelea kulibonyeza.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Pindo alisoma historia yote kwa sauti yake ya kugombana na wateja, na ilisikika vizuri. Alisoma jinsi bendi ilivyoanza, nani alinunua ngoma ya kwanza, nani alipuliza nini. Kishindo alikaa mbele, mkono sikioni. Mama yake Pindo alikaa kando ya mzee huyo.

Alipofika kwa wajaza safu, watu wakaanza kucheka kabla hajasema kitu. Ulikuwa utani wao wa miaka mingi na waliukumbuka kwa furaha. Pindo alisubiri kicheko kiishe. Kisha akasoma majina, na la kwanza lilikuwa la baba yake.

"Mwendo wake yule mzee!" mtu alisema kutoka nyuma, na ukumbi wote ukapiga makofi.

Kishindo, ambaye hakusikia kilichosemwa ila aliyaona makofi, aliinamisha kichwa. Mama alipiga makofi pamoja na watu wote, taratibu, macho hayambanduki mwanawe, asije akaongeza neno. Pindo alikunja karatasi, akateremka jukwaani.