Kibatari cha Saa Tisa Mchana

Juzi hapa Ruangwa mjini nilipita kwa fundi baiskeli, nikamkuta anaosha mnyororo kwa mafuta ya taa, juani, saa tisa mchana. Harufu ile ilinisimamisha. Usiku mafuta ya taa hayanishtui, nani asiyeyajua? Lakini yakinukia juani yananirudisha kijijini kwetu Chunyu, chumbani kwa bibi, na moyo unanienda mbio kama wa mtoto wa darasa la tano. Naomba niwasimulie, na msinicheke.

Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni. Shuleni kwetu lilikuja sanduku la vitabu, na humo mlikuwa na visa vya Nalimi, msichana aliyeingia ndani ya kichuguu akakuta nchi nzima huko chini. Kitabu cha kwanza nilikisoma kwa kusitasita, maana wale watu sikuwajua. Cha pili nikawazoea. Cha tatu, jamani, kiliniumiza: mama yake Nalimi kanaswa huko chini, mlango wa kichuguu umejifunga, basi, mwisho wa kitabu! Muhula mzima nilikaa na dukuduku. Mwalimu Felista alipokipata cha nne aliniita mimi kwanza.

"Somoe, Ijumaa kiwe mezani kwangu. Na ole wako ukikipaka maji ya mabibo."

Utamu wa kitabu cha nne ni kwamba hutambulishwi mtu. Unaingia kama anayerudi kwao. Yule kobe mbishi mlinda daraja, ukimwona tu anachungulia, unaanza kucheka kabla hajasema neno. Nilitamani kukimeza chote siku moja, na papo hapo nilitamani kisiishe.

Lakini wiki hiyohiyo mama alikuwa amepelekwa hospitali, Nachingwea. Alikuwa mjamzito, miguu imevimba, anasema anaona giza. Baba na baba mdogo walikwenda naye. Nyumbani nilibaki na bibi, mama yake mama, mwanamke mfupi, mkali, ambaye Kimwera ndicho kilikuwa chake, Kiswahili alikiongea kama kitu cha kuazima.

Na bibi alikuwa na mwiko wake: ngano ni za jua likishazama. Ukitoa ngano mchana, mama yako anapotea njia ya kurudi nyumbani. Zamani alipotutisha nao tulicheka tu, kwa sababu mama alikuwa palepale jikoni anasonga ugali. Wiki ile sikucheka.

Usiku nisingeweza kusoma. Mafuta ya taa yalibaki vidole viwili kwenye chupa, na bibi alikuwa ameyaficha yasubiri dharura. Ijumaa nayo inakuja. Basi nikajitungia sheria: ngano hutolewa kwa mdomo, kwa hiyo nikisoma mdomo umefumbwa, sijatoa kitu. Niliibana midomo kwa meno mpaka ikauma. Bibi sikumuuliza, maana jibu lake nililijua.

Jumatano sikwenda shule, nilibaki kumsaidia bibi; baada ya kuokota korosho, alikwenda kuzianika nami nikajibanza nyuma ya jiko. Nalimi alikuwa amefika kwenye pango ambamo waliopotea husahau majina yao. Mlinzi akamwambia amwite mama yake mara moja tu, kwa sauti yake yote. Nikafunua ukurasa. Neno lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, peke yake, na kabla sijajizuia nilipiga ukelele, "Mama!" mpaka kuku wakatawanyika.

Mkono ulikuwa bado uko mdomoni niliposikia baiskeli inatupwa uani. Alikuwa baba mdogo, katoka Nachingwea, shati limelowa chapachapa. Hakusalimia hata.

"Mama, shemeji hali yake mbaya," alimwambia bibi. "Amejifungua salama, mtoto mzima, lakini damu haikatiki. Wanataka watu wa kumtolea."

Alikunywa maji kwa pupa, akawachukua majirani wawili wenye baiskeli zao, wakaondoka. Bibi alitaka kwenda, wakamsihi abaki, goti lake lilikuwa bovu.

Nyie, nilijua ni mimi. Kwamba baba mdogo alitoka Nachingwea asubuhi, kabla sijakifungua kitabu, hilo halikunijia akilini. Nilipaza sauti, habari ikaja. Tena yule mama wa kitabuni naye alikuwa bado pangoni! Nikiacha hapo, huyo harudi. Nikiendelea, namwongezea wangu giza. Nikaona bora nikaseme.

Bibi alikuwa ameketi chini chumbani kwake. Nilimwambia yote kwa kwikwi, kitabu kifuani, shavu langu likingoja kofi.

"Huyo mama wa kitabuni, anarudi?"

"Sijui, bibi. Sijafika."

"Sasa tumwache humo?"

Akainuka. Akafunga mlango, akakomea. Akaziba kidirisha kwa mkeka, akasokomeza kanga chini ya mlango palipoingia mwanga. Akatoa ile chupa uvunguni, akamimina mafuta kwenye kibatari, yote, akakiwasha. Nje watoto walikuwa wanapita wakitoka shule na jua linachoma bati.

"Haya, usiku umeingia. Soma."

Nikasoma kwa sauti. Joto lilitushika, moshi ukatukaba, jasho langu likadondokea karatasi. Kila ukurasa niliuogopa, na kila baiskeli iliyopita barabarani ilinikata pumzi. Nalimi akaita, pango likakaa kimya. Akaita tena ingawa alikatazwa. Yule kobe safari hii hakunichekesha hata kidogo. Mwishoni kabisa, Nalimi akiwa amekaa juu ya kichuguu amekata tamaa, mkono wenye udongo mwekundu ukachomoza, ukamshika kifundo cha mguu. Ulikuwa wa mama yake.

"Rudia," bibi alisema.

Nikarudia.

"Rudia."

Nikadhani Kiswahili cha kitabu kimempiga chenga. Nikamgeuzia kwa Kimwera, neno kwa neno, kwa madaha ya mtoto aliyesoma.

"Hapana. Kama kilivyoandikwa."

Mara ya nne nilikereka waziwazi. Kibatari kilikuwa kinakufa, nikamalizia gizani kwa kukariri.

Mama alirudi baada ya wiki mbili, amekonda, amembeba mdogo wangu. Kitabu nilikirudisha Ijumaa ileile kama nilivyoahidi. Mwalimu Felista alikinusa, akaninusa na mimi, akatikisa kichwa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi na Nalimi ndio tuliomrudisha mama, na bibi nilimhesabu kama msikilizaji tu, tena mzito wa kuelewa.

Bibi hayupo tena. Mwaka juzi binti yangu alilazwa Nachingwea, siku mbili hajitambui. Nilikuwa kwenye benchi nje ya wodi muuguzi alipotoka, akaniambia ameamka, anaomba uji.

"Hebu sema tena," nikamwambia.

Akasema.

"Tena, dada."

Akaniinamia kwa upole, akaniuliza kama masikio yangu yana tatizo. Nikaangua kilio. Nilikuwa nimemsikia tangu mara ya kwanza.