Mbwa Wetu Aliyekataa Mkate

Mimi sijasoma, lakini mtihani nimeona. Aliyefanyiwa ni mbwa wetu, miaka ya tisini, tukikaa na mbuzi nje ya Bura.

Mbwa kichaa alikuwa ameuma watu wawili. Serikali ikasema mbwa wote wauawe, wabaki wale wenye akili ya kazi. Akaja ofisa wa mifugo kutoka Kenya. Ndivyo tulisema, "kutoka Kenya," kama sisi hapa ni mwezini. Shati nyeupe, sauti ya puani: "Maaama, huyu ana akili? Wacha tupime."

Akachuchumaa, akanyoosha kipande ya mkate. "Njoo! Kaa chini! Lete mkono!"

Mbwa akamwangalia, akarudi nyuma, akageuza uso.

"Mjinga kabisa," ofisa akasema, akaandika.

Wallahi! Mbwa huyo ndiye alikuwa mlango ya boma yetu. Akifa, fisi angetumaliza. Na hakuwa mjinga! Sisi Waislamu, mbwa akiramba sufuria tunaiosha mara saba, moja na mchanga. Tangu mdogo tulimfundisha asikaribie mkono ya mtu, asichukue chakula ya watu.

Mzee wangu, baba ya watoto, huongea polepole, kama ngamia akitafuna. Akasema, "Bwana ofisa, umempima na kitu tulimkataza."

"Sasa nipime na nini?"

"Na mbuzi. Ngoja jioni warudi."

Ofisa akangoja, mbwa akaenda zake malishoni kwa mbuzi. Jua ikashuka, mbuzi wakarudi na binti yangu, mbwa hayuko.

Ofisa akashika mbavu. "Hata njia ya nyumbani imemshinda!"

"Cheka, baba," nikamwambia. "Mbwa hajarudi, basi kuna mbuzi hajarudi."

Binti yangu akalia na ile sauti yake ya filimbi: "Hooyo, mama, wote wako!"

Mzee akasimama mlangoni. Sisi hatuhesabu, tunatazama nyuso. Akatafuna, akatafuna. "Ile nyeusi ya sikio moja haiko."

Tukafuata nyayo, mimi nikisoma dua njia yote. Tukamkuta chini ya mgunga: mbuzi amezaa, mtoto bado maji maji, mbwa amelala mbele yao, na mbweha wawili wamekaa mbali wakimeza mate. Ofisa akasogea. Mbwa akamwonyesha meno.

"Maaama! Mwambie mimi ni mtu wa serikali!"

"Mwambie wewe, baba. Mimi nasikia ni mjinga."

Mzee akapita, akabeba mtoto ya mbuzi. Mbwa akainuka mwenyewe, akampa njia.

Ofisa akatoa karatasi yake, akafuta alichoandika. Akauliza pole pole, "Sasa niandike anajua nini?"

"Andika," mzee akasema, "anajua nani hayuko."

Alhamdulillahi. Nilikuwa sijaonja kitu tangu asubuhi. Tulipofika nikanywa chai vikombe vitatu, moja juu ya ingine.