Dawa ya Kinyozi

Wateja walimwita Wembe, na jina lilimkaa, maana kwa kunyoa ndevu mtaa mzima hakuwa na mpinzani. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, ulimfanyia vituko: akishika kazi unatulia, akipumzika unacheza. Mteja aliyekuwa akingoja zamu yake aliuona ukirukaruka juu ya paja, akakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Daktari, mwanamke mpole, alimwambia ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kuukaza mwili, bado mchanga. Dawa ya kwanza, levodopa, ndiyo yenye nguvu zaidi, ila baada ya miaka huenda mwili ukaanza kujipindapinda bila yeye kutaka. Ya pili ina hatari ndogo ya hilo, lakini wengine huwaletea usingizi wa ghafla, wengine huwatia uchu wa kamari. Au asubiri kwanza, kama kazi haijamshinda.

"Sasa wewe unasemaje, daktari?"

"Inategemea unataka nini, mzee."

"Nataka kupona!"

"Hakuna inayoponya. Zinapunguza dalili tu."

Alitoka na hasira. Amekwenda kutafuta jibu, anarudi na maswali.

Nyumbani shemeji yake alimkalia kooni. "Usianze mapema. Mwili utazoea, baadaye dawa zitagoma."

"Kaka, tangu lini umekuwa daktari?" mkewe akamdaka nduguye, na wawili hao wakazozana juu ya kichwa cha Wembe kana kwamba hayupo, naye anahangaika na kifungo cha shati kisichotaka kuingia.

"Nyamazeni!" akafoka. "Mkono ni wangu!"

Mkewe akasogea, akamfungia kifungo. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Alirudi kliniki na lake mdomoni. "Mimi ni kinyozi, nashika wembe shingoni mwa watu. Ya kusinzia sitaki. Kusubiri nako siwezi. Nimekuwa mzito, kichwa kimoja kinanilia asubuhi nzima. Ila shemeji anasema mwili utazoea, dawa zigome."

"Basi tuanze levodopa, kipimo kidogo. Na usiogope, dawa haichoki. Ugonjwa ndio unaosonga mbele."

"Si ungenichagulia siku ile!"

"Siku ile sikujua unafanya kazi gani."

Wembe akachukua karatasi ya dawa, hasira ikabaki pale pale.

Mwanzoni vidonge vilimtibua tumbo, mpaka alipoambiwa avimeze na chakula kidogo. Baada ya wiki kadhaa mwili ukawa mwepesi, mkasi ukashika mwendo. Mtetemeko ulipungua, haukuisha.

"Unajisikiaje?" mkewe akamuuliza.

"Afadhali. Lakini bado nina hasira."

"Kasirika," mkewe akasema, akimsogezea maji. "Ila umeze."