Wanaume wa Dirishani

Kanisa letu la Kwihara lina madirisha sita, na kwa miaka mingi baba yangu alisali kwenye dirisha la tatu, akiwa nje. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaweka mikono juu ya tandiko, akasikiliza mahubiri mpaka mwisho. Hakuwa peke yake. Wanaume wa kwetu walibatizwa, walifunga ndoa kanisani, walitoa mahindi wakati wa mavuno, lakini zaidi ya hapo ndani waliingia siku za misiba tu. Kufagia, kuimba, kutembelea wagonjwa, yote hayo yalikuwa ya akina mama.

Mimi nilikuwa mwanamume pekee kwenye kwaya, tena mwalimu wake, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nota nilijifunza mwenyewe kwa kijitabu nilichonunua mjini, mtaa wa Mtendeni, kurasa zake za mwisho zikiwa zimenyofoka. Mpaka leo naogopa kwamba jambo la maana kuliko yote lilikuwa kwenye kurasa hizo. Labda ndiyo sababu nilikuwa mkali. Mtu anayeogopa kukosea huanza kwa kukagua makosa ya wengine.

Mwaka ule nilitaka sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, kwa ajili ya Krismasi. Hivyo ndivyo nilivyosema. Ukweli ni kwamba nilitaka baba aingie ndani. Sikuthubutu kumwambia, kwa hiyo niliwaandikia barua wanaume wote wa dirishani, nikawaalika waje wapimwe sauti.

Walikuja watano, baba akiwa mmoja wao. Nikamsimamisha kila mmoja peke yake mbele ya akina mama, aimbe kutoka do hadi do. Mrina asali mmoja, mtu wa makamo, alipomaliza nilimwambia, "Mzee wangu, umeshuka nusu sauti."

"Ajabu. Nyuki hawajawahi kunilalamikia."

Akina mama wakacheka. Zamu ya baba ilipofika, alikuwa ameshachukua kofia yake.

Jumapili iliyofuata wote watano walikuwa dirishani. Niliandika barua ya kuomba radhi mara nne, nikaichana mara nne kwa sababu ya mwandiko.

Mwenyekiti wa akina mama ndiye aliyenionea huruma. "Mwanangu, waume zetu si mabubu. Hujawasikia tu wakiwa na kitu mkononi. Jumamosi tunalima shamba la kanisa. Njoo na jembe, daftari liache nyumbani."

Nilikwenda. Wanaume walikuja zaidi ya ishirini, maana kuitwa kulima hakumwaibishi mtu. Wakajipanga mstari mmoja, kila mtu na tuta lake, na baba akaanzisha wimbo. Sikujua kwamba ujanani yeye ndiye aliyeongoza nyimbo za kulima kijijini. Aliita, wakaitikia, majembe yakashuka pamoja. Sauti ya nne niliyoitafuta kwa barua ilikuwa pale, nzito, haijui nota hata moja.

Halafu mrina asali akashuka nusu sauti.

"Simameni!" nikapiga kelele, mkono juu. "Hapo turudie!"

Majembe yakasimama. Kwetu wimbo wa kulima haukatwi katikati ya tuta. Anayeukata humaliza tuta lake peke yake, wenzake wamekaa wanamtazama, na hakuna wa kumwimbia. Nililijua hilo tangu utotoni. Sikio langu lilinisahaulisha.

"Haya, mwalimu," mrina asali akasema huku akiketi. "Leo tukupime sisi."

Nikalima. Tuta likapinda kama njia ya ng'ombe, na kila lilipopinda mtu alikohoa. Nilipofika katikati nikasikia jembe lingine. Baba alikuwa upande wa pili wa tuta langu.

"Shika mpini chini kidogo. Usinitazame mimi, tazama jembe."

"Baba, nisamehe kwa siku ile."

"Mtu mzima ukimpima mbele ya mkewe, atarudi kutafuta nini?" Akalima kidogo. "Kwani huko ndani kuna kazi?"

"Ipo. Sauti ya nne haina mtu. Na wa kuanzisha wimbo hayupo."

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo."

Akaanzisha, kwa sauti ya chini, kwa ajili yangu tu. Waliokaa wakaitikia.

Mazoezi tuliyafanya palepale shambani, Jumamosi zote zilizobaki, nami nikiwa na jembe. Siku ya Krismasi wanaume kumi na mmoja waliingia kwa mlango mkubwa, baba mbele, akiita. Mrina asali alishuka palepale anaposhuka siku zote. Mkono wangu ulitaka kusimama. Nikaulazimisha uendelee kuhesabu mapigo. Kwenye dirisha la tatu palikuwa na baiskeli peke yake. Nilijivuna, na sijatubu.

Sasa baba ni kiongozi wa wanaume kanisani. Yeye hawahubirii walio nje. Akimwona mmoja amesimama sana, humwita, "Ndugu yangu, hebu shika upande wa pili wa benchi hili." Wakilitua, mgeni yuko ndani tayari. Nami nikisogea na kitabu cha nyimbo, baba hunikazia macho.

"Mwalimu, mpe kitabu. Usimpime."