Kalamu Iliyosoma Ziro

Nisameheni kwa mwandiko mbaya na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la nane na huandika polepole, ukurasa mmoja unaweza kunichukua Jumapili nzima. Lakini kuongea kunanishinda zaidi, kwa hivyo nimeandika.

Naishi Kitengela na shosho, mama ya baba yangu. Nilipewa jina la marehemu mume wake, ndiyo maana ananiita mzee wangu hata mbele ya watu. Aliuza viazi na maharagwe sokoni mpaka ugonjwa wa sukari ukamfunga nyumbani. Kidonda kilianza kwenye kidole cha mguu wa kushoto. Daktari wa Kajiado alituambia wazi kwamba sukari ikishuka, kidonda kitapona. Isiposhuka, mguu utakatwa.

Macho yake yalipofifia, kliniki ilimtoa kwenye sindano za kawaida ikampa kalamu ya insulini. Unazungusha kitufe cha nyuma, kinalia tik tik, na namba inapanda kwenye kidirisha hadi kipimo chako. Unadunga, unafinya kitufe, dawa inaingia na namba inarudi ziro. Sista, nesi wa kliniki, alituonyesha mara moja tu kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Aliniambia mimi, mwenye macho, “Ukiona ziro, jua dawa imeingia.”

Kila asubuhi shosho alizungusha nami nikamsomea namba hadi kumi na sita. Kisha alisema, “Mzee wangu, geuka.” Alikuwa anadunga tumboni, na mimi siwezi kutazama tumbo la shosho yangu. Niligeukia ukuta. Nilisikia tik tik tena, halafu akasema, “Tayari.” Alinipa kalamu, nikaona ziro, nikaandika kwenye daftari: sawa.

Sukari haikushuka. Kila tulipoenda kliniki walimwongezea kipimo, hadi kikafika thelathini, na kila mara sista alimgombeza.

“Shosho, unakula sukari kwa siri.”

“Ningekuwa naiba sukari, si ningekuwa na mwili?” alijibu, akivuta sweta iliyokuwa imemlegea.

Watu walicheka. Mimi nilirudi nyumbani nikaficha mkebe wa sukari. Sikumwambia, na hakuniuliza.

Kitu kingine ni kwamba kalamu haikuwa inaisha. Shosho alisema imebarikiwa. Niliona kiwango cha dawa kimekaa palepale wiki baada ya wiki, nikaona haya kumuuliza sista.

Siku moja tulikuta wageni kliniki, mwanamke na mwanamume kutoka kwa wale wanaotengeneza kalamu hizo. Walikuwa wameweka sponji mezani. Mzee aliyetutangulia alisema, “Ni nzuri sana, Mungu awabariki,” kabla hata hajafungua kifuniko. Ndivyo tulivyo. Mgeni ametoka mbali, humwambii kitu chake kinakusumbua.

Yule mwanamke alimkalisha shosho. “Leo hatupimi mtu, tunapima kalamu. Dunga hiyo sponji vile unafanyanga nyumbani. Sisi tutanyamaza.”

Shosho alikaa wima kama aliyekaa nyuma ya viazi vyake. Alizungusha hadi thelathini, nikamsomea. Alichoma sponji. Halafu, badala ya kufinya kitufe, alikishika kwa vidole viwili akakizungusha kinyume, tik tik, polepole, mpaka ziro. Akachomoa.

“Tayari.”

Sponji ilikuwa kavu. Sista alifungua mdomo na yule mwanamke akainua mkono kumnyamazisha.

“Shosho, ulijuaje umemaliza?”

“Si imerudi ziro? Mizani isiporudi ziro umeibia mtu.”

Sokoni mizani yake ilikuwa na kitufe chini ya sahani. Kabla ya kila mteja alikizungusha mpaka mshale ukae kwenye ziro, na mteja aone.

“Na wewe,” mwanamke aliniuliza, “nyumbani akidunga unaona nini?”

“Ukuta,” nilisema.

Walicheka, nafikiri hata shosho alicheka. Nilimpa daftari. Sawa, sawa, sawa, kurasa nyingi.

“Kwani hamkuambiwa mfinye?” sista aliuliza.

“Usiwagombeze,” mwanamke alisema. “Kalamu inasoma ziro dawa ikiingia, na inasoma ziro dawa isipoingia. Wangejuaje?”

Aliandika kwa muda mrefu. Mimi nilitazama ile sponji. Nilingoja nisikie uchungu au hasira, na sikusikia kitu.

Walimrudisha kwenye kumi na sita siku hiyo hiyo, maana thelathini ikiingia kweli ingemuua. Nyumbani tulianza upya. Alijifunika leso akaacha nafasi ndogo. “Angalia mkono, usiangalie mengine.” Niliangalia kidole gumba kikifinya. Sukari ilishuka.

Lakini mguu ulikuwa umeshakuwa mweusi. Waliukata chini ya goti, Kajiado, mimi ndiye niliyeweka sahihi. Alipoamka aliniuliza, “Na msumeno, wale wageni waliupima?” Nilimwambia sijui. Alirudi kulala.

Wageni walisema watabadilisha kalamu, ikusaidie kujua kama dawa imeingia au hapana. Sijasikia kutoka kwao. Yetu bado ni ileile.

Siwezi kusema kosa lilikuwa langu, na siwezi kusema halikuwa langu. Najua tu kwamba wanaotengeneza hivi vitu hawapo chumbani asubuhi, na sisi tuliopo tunaona haya. Kama unamtunza mtu nyumbani kwa kalamu, pampu au mashine yoyote, niandikie kupitia waliochapa haya. Niambie anaitumiaje hasa, hata kama ni jambo dogo na hujawahi kumwambia daktari. Nitasoma barua yako. Nitajibu, ila nitachelewa.