Salama Niliyoiandika Nikiwa Nimesimama

Siku moja ya mwaka wangu wa mwisho chuoni ningali naikumbuka, mwanangu, kwa sababu niliianza nikijiona mtafiti hodari kuliko wenzangu wote, na nikaimaliza nikiona aibu kuyatazama maandishi ya mkono wangu mwenyewe. Nakusimulia leo kwa kuwa umeniambia Jumatatu unaingia Kariakoo na dodoso lako la foleni. Nimekusikia ukipanga utawahoji watu wangapi kwa siku. Sijakusikia ukisema unataka kujua nini kutoka kwao.

Wakati huo mabasi ya mwendokasi yalikuwa hayajapewa njia yao mjini. Nilikuwa katika mafunzo kwa vitendo, chini ya mhandisi mmoja aliyepewa kazi ya kuchunguza barabara kuu inayopita ubavuni mwa soko. Barabara hiyo sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu wala si la lami. Malori ya bandarini yalipita hapo, mabasi yalipita hapo, na wasukuma mikokoteni walivuka hapo mchana kutwa wakipeleka mizigo Gerezani kwenye malori ya mikoani. Palikuwa na matuta matatu. Wenye magari waliyalalamikia kwamba ndiyo yanayozaa foleni, na swali letu lilikuwa moja: je, matuta yakiondolewa, magari yatapita upesi bila watu kuumia?

Magari tulikwisha kuyahesabu. Kilichobaki kilikuwa kuwauliza wanaoitumia barabara kwa miguu, na swali la kwanza kwenye dodoso liliuliza hali ya usalama mahali pale ikoje. Majibu yalikuwa matatu ya kuchagua: salama, wastani, hatari. Niligundua mapema kwamba nikisimama pembeni mwa tuta la katikati na kumdaka kila anayepunguza mwendo, nitajaza karatasi nyingi kuliko mwanafunzi mwingine yeyote. Ujana una tabia ya kupenda rundo. Hauulizi rundo ni la nini.

Miongoni mwa niliowadaka alikuwa mzee mmoja msukuma mkokoteni, jina lake Shomari, mtu mwembamba mwenye kibarghashia kilichofifia rangi. Alikuwa amesimamisha mkokoteni wenye magunia ya vitunguu apate kupumua. Nikamwamkia, akaitika. Nikamuuliza hali ya usalama.

“Salama tu, mwanangu,” akasema. “Tunamshukuru Mungu. Sijui kwenu.”

Nikaweka alama penye salama na kumshukuru. Akanitazama, akacheka. “Umekwisha? Mbona hata jasho langu halijakauka?” Akainama, akaushika mkokoteni, akaondoka akiuburuta mguu wake wa kushoto ambao goti lake halikukunjika vizuri. Niliuona mguu ule, mwanangu. Sikuuandika, kwa sababu dodoso halikuwa na nafasi ya goti.

Nilikuwa nikikaa kwa Bibi Zuhura, dada wa bibi yangu mzaa mama, katika nyumba ya familia iliyobaki ya chini katikati ya maghorofa ya Mtaa wa Sikukuu. Alasiri ile nilimkuta barazani akipeta mchele, nami nikajitapa. Nilimwambia kwamba karibu watu wote wamesema mahali pale ni salama, kwamba nimekwisha kupeleka muhtasari kwa mhandisi, na kwamba ripoti itapendekeza matuta yaondolewe. Bibi hakuwa mtu wa kuingilia mambo ya kisomo. Aliniuliza tu, kwa kunipa furaha, ni nani na nani niliowahoji. Nikaanza kumsomea majina. Nilipofika kwa Shomari, ungo ukatulia.

“Shomari wa mkokoteni? Mwenye mguu?”

Nikamwambia ndiye.

“Kakwambia salama?”

“Kaniambia salama, Bibi. Nimeandika.”

Akaitoa chuya moja, akaitupa uani. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi: “Ulimuuliza umekaa au umesimama?”

Nikajibu kwamba nilikuwa nimesimama, maana watu walikuwa wengi na siku ni fupi.

“Basi hukumuuliza, mjukuu wangu. Ulimwamkia.”

Hakunigombeza zaidi ya hapo, na ingekuwa heri angenigombeza. Alinikumbusha jambo nililolijua tangu utotoni na nililoliacha getini siku niliyoingia chuo kikuu. Kwetu, mtu akiulizwa habari na aliyesimama, hujibu nzuri. Hata aliyetoka kuzika jana hujibu nzuri. Huo si uongo, ni adabu ya kutomtwika mpita njia mzigo asiouomba. Mgeni akiketi, akinyamaza kidogo, akionyesha kwamba hana pa kukimbilia, ndipo mwenyeji husema “ila”, na habari yenyewe huja nyuma ya neno hilo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi ningeongeza kwamba kuuliza mguu upande huzaa ujinga ulioandikwa vizuri.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mhandisi. Kikao cha kuipitisha ripoti kilikuwa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nikamweleza kwamba karatasi zangu hazifai. Alikuwa mtu wa haki lakini mwenye kazi nyingi, akazipekua karatasi zile kama mtu anayetafuta sadaka iliyopotea.

“Unataka kuniambia kazi ya wiki nzima ni salamu?”

“Ndiyo, mhandisi.”

Akaniambia kwamba muhtasari wangu ulikwisha kuingizwa, kwamba hawezi kuahirisha kikao kwa ajili ya mwanafunzi, na kwamba nikizitoa karatasi zile bila kuleta nyingine za idadi ileile, ataandika kwamba sikukamilisha mafunzo. Hakuwa akinitisha. Alikuwa akinisomea kanuni. Ningeweza kukaa kimya, mwanangu, nikapata alama zangu, nani angejua? Lakini nilikuwa nimekwisha kumfikiria mzee yule akivuka na vitunguu vyake mahali pasipo tuta, kwa sababu ya tiki yangu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikazitoa karatasi.

Nikarudi barabarani. Mzee Shomari nilimpata wanapopumzikia wasukuma mikokoteni, nyuma ya duka la mifuko, nikaomba kreti tupu la soda na kuketi. Muuza kahawa akapita, tukanywa. Nilimuuliza habari, akasema salama. Sikuandika. Tukazungumza bei ya vitunguu, tukazungumza mpira, na mmoja wa wenziwe akaniuliza kama chuoni kumeisha viti, hata nimekuja kukalia makreti yao. Nikacheka nao. Kahawa ya pili ilipoisha, mzee alikiweka kikombe chini.

“Ila hapo, mwanangu, kabla ya matuta, nilikuwa na mwenzangu. Mbwana. Mimi mbele, yeye nyuma anasukuma. Gari lilikuja na mwendo wake. Mimi nilinyanyuka baada ya miezi. Yeye hakunyanyuka.”

Hakulia wala hakuinua sauti. Alinieleza kwamba baada ya maziko wao wenyewe, wasukuma mikokoteni, ndio waliokwenda serikali ya mtaa mara kwa mara kuomba matuta, mpaka yakawekwa, na kwamba tangu siku hiyo hawajazika mtu kwa ajili ya kivuko kile. Ndipo nilipoelewa ubaya wa nilichotaka kukifanya. Aliposema salama, alisema kweli. Ilikuwa salama kwa sababu ya matuta, nami nilikuwa nimeichukua shukrani yake nikaigeuza hoja ya kuyang'oa.

Nikamuuliza basi foleni inatoka wapi. Wakacheka wote.

“Jioni kuna foleni hapa?” akaniuliza yule mcheshi.

Nikasema nimeona hakuna, jioni magari yanatembea.

“Na matuta jioni huwa yanakwenda kwao?”

Wakanieleza, mmoja akimkatiza mwenziwe. Asubuhi malori husimama kwenye njia ya kushoto kushusha mizigo ya maduka, barabara ya njia mbili ikabaki moja, na magari yote yakabanana kuiingia hiyo moja. Malori yakiondoka adhuhuri, foleni nayo huondoka. Tulikuwa tumehesabu magari yanayopita kwa siku tatu, na hakuna aliyeyaandika yaliyosimama.

Mpaka Alhamisi jioni nilikuwa nimezungumza na watu tisa. Ijumaa nikasimama kikaoni na tisa wangu, na mjumbe mmoja akauliza kwa upole kama tisa ni utafiti au ni baraza la kahawa. Nikamjibu kwamba aniulize walichosema, na nikakisema. Mhandisi hakunitetea, wala hakunizuia. Mwisho wa majadiliano waliamua matuta yabaki, na saa za kushushia mizigo zichunguzwe kwanza. Zilichunguzwa polepole, kama mambo mengi yanavyokwenda, lakini matuta yalibaki. Nami barua yangu ya mafunzo iliandikwa kwamba sikukamilisha idadi iliyotakiwa, nikayarudia mafunzo mwaka uliofuata, nikiwa nyuma ya wenzangu. Mzee Shomari sikumwambia lolote la kikao kile. Ningemwambia nini? Kwamba nilikaribia kumwondolea kinga yake kwa neno lake mwenyewe?

Sasa sikiliza, mwanangu. Mna kamera za kuhesabu magari na simu zinazojaza madodoso, na ni vyema; zitumieni. Lakini kamera haitakwambia kwa nini mtu anavuka pale na si hatua hamsini mbele. Atakwambia yeye, ukimpa muda wako kabla ya kumwomba wake. Keti. Neno la kwanza la mtu lipokee kwa adabu, lakini usilijengee barabara. Ukikuta mahali salama, uliza usalama huo umetoka wapi, na nani aliulipia, kabla hujashauri chochote kiondolewe. Na ukigundua umekosea, sema ungali na siku mbili mkononi. Majuto hayajawahi kumrudisha mtu aliyegongwa. Kanuni ya idadi utaiheshimu, ila idadi isikufanye umdhulumu hata mmoja.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwororo na sikio lenye subira, akukinge na pupa ya kusifiwa, na kila barabara utakayoichora iwapeleke watu kwenye riziki yao na kuwarudisha kwa watoto wao wakiwa wazima. Amina.