Abiria Aliyekula Hasira Yangu

Kama umetoka kula, ngoja kwanza tumbo litulie. Mimi mwenyewe kisa hiki nakisimulia kwa kichefuchefu, na sijaongeza chumvi hata chembe. Kilinipata Bariadi mjini, mchana kweupe, siku ya mnada. Nani kakudanganya kwamba mauzauza hungoja usiku?

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wakatumwagikia na magari yao yaliyotumika. Mimi niliendesha pikapu ya tajiri mmoja. Kazi yangu ilikuwa kufika vijijini kabla ya wengine, maana mkulima humuuzia aliyetangulia. Siku hiyo nilitoka Lalago, natakiwa Sapiwi, na njia inakatiza katikati ya mji.

Nilipokaribia mjini mtu akanipungia mkono. Mwembamba, kaunda suti imempwaya kama ya kuazima. "Mwadila, ngosha," akanisalimu kwa Kisukuma, vizuri tu. "Nishushe hapo mnadani." Nikampakia. Alipofunga mlango ndipo harufu ikanipiga. Umewahi kupita karibu na shimo la fisi? Basi ni ile ile, nyama ya juzi na kinyesi, halafu juu yake imepuliziwa marashi.

Tukaingia kwenye watu. Ng'ombe wanavuka, akina mama na ndoo za nyanya, baiskeli na magunia. Nikaanza ugonjwa wangu: honi, matusi, honi. "Toka barabarani, ng'ombe wewe!" nikamfokea mama mjamzito. Pembeni yangu nikasikia mtu anafyonza. Kugeuka, yule bwana mate yanamchuruzika mpaka kidevuni, mazito, ya njano, naye anayarudisha kwa ulimi.

"Ongeza," akasema. "Hasira yako ina mafuta."

Nilidhani ni kichaa. Lakini nilipopiga honi tena, niamini, nikaona shavu lake linajaa. Nikatukana, kaunda suti ikaanza kumbana. Tulipofika katikati ya mnada vifungo vilikuwa vimekaza juu ya kitambi, na jitu linanibeulia usoni. Ptuu! Hata leo nikikumbuka natema.

Hapo mbele akatokea mzee Limbu, anavuka huku anakokota baiskeli yenye gunia la mashudu. Masikio ya mzee Limbu yalikufa zamani kwa homa. Mji mzima unajua, hata mimi nilijua. Nami nikampigia honi. Unanielewa? Nilimpigia honi kiziwi, tena ndefu, halafu nikapandwa na hasira kwamba hasikii!

"Mguse na bampa," abiria akaninong'oneza, mate yakinidondokea gotini. "Kidogo tu. Nina njaa."

Haki ya Mungu, mguu wangu ulikuwa umeshaanza kukanyaga mafuta. Sikumhurumia mzee, nisikudanganye. Kilichonishtua ni yale mate, ya uvuguvugu, yalivyopenya suruali. Nikabana breki, nikazima injini.

Yule mtu akanitazama kwa chuki. Akainama, akatapika kwenye kiti changu: manyoya, kucha, na kitu kama uji uliochacha. Kisha akashuka, akaifuata pikapu iliyokuwa nyuma yangu. Hiyo ilikuwa ya mnunuzi mwingine, na dereva wake alikuwa anapiga honi kama mwendawazimu kwa sababu nimeziba njia. Kwenye kioo nikamwona yule mtu anafungua mlango, anaingia.

Ningeweza kushuka. Ningeweza hata kupiga kelele. Unajua nilifanya nini? Nilishusha pumzi, nikachukua tambara, nikafuta kiti. Tena nikawaza: huyu akichelewa, Sapiwi nafika wa kwanza.

Ile pikapu ikanipita kulia kwa kasi. Mzee Limbu ndiyo kwanza alikuwa anatokeza mbele ya gari langu. Ikamgonga, nikasikia mguu wake ukivunjika. Watu wakamzingira dereva, na katikati ya zile kelele nikamwona abiria akishuka taratibu, mnene, anajifuta mdomo kwa kiganja, akapotelea mnadani.

Mimi nikaenda Sapiwi. Ndiyo, nilienda. Na niliwahi.

Mzee Limbu alipona, ila mguu haukunjiki tena. Kila mnada akiniona huja akichechemea, hunishika mikono yote miwili. "Wabeja, baba," ananishukuru, na huwaambia watu kwamba siku ile mimi ndiye dereva pekee aliyesimama kumpisha. Nimemweleza ukweli mara tatu, kwa sauti, machozi yananitoka. Hasikii. Hunipigapiga begani kama mtoto, nami najiona uchafu.

Na si hilo tu. Siku hizi nikiwa kwenye foleni, mtu akinichomekea, hasira ikinipanda, mate hunijaa mdomoni. Mazito. Matamu. Nalazimika kusimama pembeni nikayateme.

Kwa hiyo wewe unayepita na gari kwenye watu, kabla hujabonyeza honi, sikilizia mdomo wako. Ukiona mate yamejaa, zima gari. Na ukishasalimika, usikae ukifuta kiti. Shuka, kamwambie aliye nyuma yako.